London au Paris wakati wa baridi: uende wapi?

Tarehe 21 Desemba jua la London huchomoza kama saa mbili na dakika 4 asubuhi, na ikifika saa kumi kasoro dakika saba alasiri limeshazama. Siku hiyohiyo Paris, jua huchomoza karibu saa mbili na dakika 41 na kuzama saa kumi na dakika 56. Ukipiga hesabu utaona mchana wa Paris ni mrefu zaidi kwa chini ya nusu saa tu. Hiyo si tofauti ya kumfanya mtu achague mji. Cha kuangalia ni giza linakula upande gani wa siku yako: London linakula alasiri, Paris linakula asubuhi.

Naanza na giza kwa sababu wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tunajiandaa kwa baridi peke yake. Tunanunua makoti, tunauliza kama theluji itaanguka, halafu kinachotuchosha ni giza. Saa yetu sisi inakwenda na jua. Magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, uwe Mombasa au Mwanza. Sasa fikiria umetoka kula chakula cha mchana, unatazama dirishani unakuta taa za barabarani zinawaka, na mwili unakwambia siku imekwisha ilhali hujaona hata nusu ya ulichokijia. Kwa Muislamu jambo hili linaonekana wazi zaidi: Desemba pale London, Adhuhuri ni saa sita mchana, Alasiri inaingia kabla ya saa nane, na Magharibi kabla ya saa kumi. Sala tatu ndani ya saa nne. Ukishika matembezi bila kuangalia ratiba, zinakupita.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa kuamka mapema, London inakufaa. Toka hotelini saa mbili na nusu, mwanga upo, watu ni wachache, na kufikia giza uwe umeshapanga kuingia ndani mahali. Ukiwa mtu wa kuamka taratibu, unayetoka saa nne na kurudi jioni, Paris inakupa jioni ndefu kidogo. Huko Paris, kutoka nje saa mbili asubuhi mwezi wa Desemba ni sawa na kutoka usiku. Wafanyakazi wanakwenda kazini gizani, maduka bado yamefungwa, na wewe unasimama kwenye daraja la mto Seine huoni kitu.

Baridi yenyewe inafanana. Januari miji yote miwili mchana hufika nyuzi 7 au 8, usiku hushuka hadi nyuzi 2 au 3. Theluji ni nadra kote kuwili, na ikianguka mara nyingi huyeyuka siku hiyohiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu nimekutana na watu waliosafiri na watoto wakiwaahidi theluji, na watoto wakarudi nyumbani wameona manyunyu wiki nzima. Mtu wa Makete, Njombe au Limuru anazijua nyuzi 6 za alfajiri. Kitakachomshangaza ni kwamba saa saba mchana bado ni nyuzi 6. Halafu kuna unyevu. Mawingu yanakaa chini siku tatu, nne, na baridi inaingia kwenye mifupa kupitia viatu. Fedha yako iweke kwenye viatu visivyopitisha maji kabla ya koti. Koti zuri la sufu unalipata kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani Ulaya, kwani yale makoti huku kwetu hayana mnunuzi mkubwa. Nguo nyembamba za kuvaa ndani, soksi nzito na glavu vinunue ukifika. Usisahau mafuta ya mgando. Vyumba vinapashwa joto usiku kucha, hewa inakuwa kavu, na kufikia siku ya tatu mikono imepauka na midomo inapasuka.

Sasa viza, maana wengine uamuzi unaishia hapa.

Uingereza wana viza yao, Ufaransa wamo ndani ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, na moja haikuingizi kwingine. Viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza hutolewa kwa miezi 6, hata kama umeomba kukaa siku 10. Ya Schengen mara nyingi hufuata tarehe ulizoomba, na kwa jumla huruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya siku 180. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ya Uingereza inazidi pauni 100, na pauni ina thamani kubwa kuliko euro. Schengen wanataka bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, Uingereza hawalazimishi bima. Kwa upande mwingine, viza ya Schengen inakufungulia nchi 29. Ukiwa Paris unaweza kupanda treni ukalala Brussels au Amsterdam bila kuomba ruhusa nyingine, wakati ya Uingereza inakuacha Uingereza. Maombi ya Uingereza yanapokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, ya Schengen kuanzia miezi 6. Anayepanga mapema ana nafasi zaidi kwa Ufaransa. Wenye pasipoti ya Oman hali yao ni tofauti: Uingereza wanaingia kwa kibali cha mtandaoni tu, lakini Ufaransa bado wanahitaji viza.

Kuna jambo linalowakwamisha wengi, nalo ni kufikia kwa ndugu. Ndugu yako akiwa London, anakuandikia barua ya mwaliko, anaambatanisha uthibitisho wa makazi yake, basi. Ndugu yako akiwa Paris na unataka kulala kwake, inambidi aende ofisi ya manispaa anakoishi akachukue hati maalumu iitwayo attestation d'accueil, ailipie, aonyeshe nyumba yake ina nafasi, ndipo akutumie ile hati halisi. Inachukua muda, na mwenyeji anayefanya kazi zamu mbili si rahisi kuipata wiki hiyohiyo. Nimeshuhudia safari ya familia ikiahirishwa kwa sababu ya karatasi hiyo moja tu. Kama una mtu wa kukupokea Ufaransa, mwambie miezi mitatu kabla.

Lugha nayo ina uzito wake. Msomaji wa Arusha au Nakuru atajieleza London bila shida. Wa Bukavu, Goma au Bujumbura atapumua akifika Paris, atasoma matangazo ya treni na kuulizia dawa dukani kwa lugha aliyoisomea shule. Kama Kifaransa hukijui kabisa, jifunze kusema bonjour kabla ya neno lingine lolote. Wafaransa wanafanana na sisi katika hili: anayeanza na shida yake kabla ya salamu anaonekana hana adabu. Mimi nilizoea haraka mno kwa sababu ni ileile “hodi” na “shikamoo” tuliyolelewa nayo, na milango ilifunguka.

Tarehe unayofika inaweza kuharibu safari kuliko mji uliouchagua. Krismasi ya kwanza niliyokwenda London ndege ilitua asubuhi ya tarehe 25. Nilikuwa sijui kwamba siku hiyo treni za chini ya ardhi hazitembei, mabasi hayatembei, treni za kawaida hazitembei. Si kwamba yanapungua, hayapo. Nilitoka na mabegi mawili nikakuta milango ya stesheni imefungwa kwa chuma, na ukumbi uliotakiwa kujaa watu una mlinzi mmoja na mfagizi. Teksi ilinigharimu fedha niliyoitenga kwa chakula cha siku nne. Tarehe 26 usafiri unarudi kwa kiasi tu, na makumbusho makubwa kama British Museum hufungwa kuanzia tarehe 24 hadi 26. Anayekwenda London kula sikukuu kwa ndugu, sawa, siku hiyo ni ya kukaa ndani na kupika. Anayelala hotelini peke yake, Krismasi ya London itamhuzunisha.

Paris siku hiyo metro inatembea, mabasi yapo kwa ratiba ya sikukuu, na mikate inapatikana. Makumbusho ya Louvre hufungwa tarehe 25 Desemba na tarehe 1 Januari, lakini mji wenyewe haufungi. Kwa hiyo kwa wiki ya Krismasi tu, bila kupepesa macho, Paris.

Kuanzia wiki ya pili ya Januari mambo yanageuka. Bei za vyumba zinashuka kote kuwili, foleni zinapungua, na hapo London inaanza kushinda kwa sababu moja kubwa: ndani kuna joto na mlangoni hulipi kitu. British Museum ilifungua milango bure mwaka 1759, na leo pia ni bure. Makumbusho mengine ya taifa yaliyokuwa yakitoza kiingilio yalikiondoa Desemba 2001, na hadi leo unaingia Natural History Museum, Science Museum, Victoria and Albert Museum (V&A), National Gallery na Tate Modern bila tiketi ya kulipia, isipokuwa maonyesho maalumu. Fikiria maana yake katika baridi. Unatembea, miguu inaganda, mvua inaanza, unaingia mlango wa karibu. Unakaa nusu saa, unatoka. Kesho unarudi kumalizia. Hakuna anayekuhesabia. Familia ya watu watano inaweza kukaa siku nzima South Kensington, makumbusho matatu yakiwa jirani, na ikatumia fedha ya basi na chakula tu. Na pale British Museum kuna jiwe la kukatia lililotoka Olduvai, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Dogo, linaenea kiganjani, ukingo wake umechongwa ukawa mkali. Unasafiri maelfu ya kilomita halafu unasimama mbele ya kitu kilichotengenezwa Ngorongoro. Mimi lilinikaba koo, na bado nadhani mahali pake ni nyumbani.

Paris makumbusho yanalipiwa, na yamepanda. Louvre, kuanzia Januari 2026, mgeni asiyetoka nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya analipa euro 32. Walio chini ya miaka 18 wanaingia bure, hivyo mwenye watoto analipa yake na ya mwenzake tu. Tiketi ni ya saa maalumu, na Jumanne pamefungwa. Musée d'Orsay ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, lakini yenyewe hufungwa Jumatatu. Bustani za kasri la Versailles, zinazotozwa siku nyingi za kiangazi, majira ya baridi huwa wazi bila malipo, ingawa upepo wake si wa mchezo na sanamu nyingine hufunikwa zisiharibiwe na barafu. Kanisa kuu la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, kuingia ni bure. Mawe yake ya ndani sasa ni meupe kama yamechongwa jana. Jumlisha: wiki ya Paris ukitaka kuona ndani ya majengo inahitaji bajeti ya viingilio, na kwa mtu mzima inaweza kupita euro 100 bila kujitahidi.

Lakini Paris ndiyo inayotembeleka. Mji wenyewe ni kilomita za mraba 105 tu, London inazidi 1,500. Ukiwa Paris unaweza kutoka Notre-Dame ukafuata mto hadi Mnara wa Eiffel kwa miguu kwa muda wa saa moja hivi, na kila baada ya hatua mia mbili kuna kitu cha kusimamia. Baridi haikusumbui sana ukiwa unatembea. London vitu viko mbalimbali, na ukifanya uzembe wa kupanga utajikuta nusu ya mchana wenyewe mfupi umeutumia ndani ya treni, chini ya ardhi, huoni hata huo mwanga kidogo uliopo.

Hapa nimpe angalizo anayesafiri na mzazi mzee au mtoto kwenye kigari. Metro ya Paris ni ya ngazi. Stesheni nyingi za zamani hazina lifti, unapanda, unashuka, unazunguka kona, unapanda tena, na wakati wa mvua ngazi zinateleza. Mabasi ni afadhali. London nako stesheni za zamani zina ngazi, lakini mabasi yote mekundu yanaingilika kwa kigari na kiti cha magurudumu, watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi, na nauli moja ya basi inakuruhusu kubadili basi jingine ndani ya saa moja bila kulipa tena. Kaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele, kioo kizima mbele yako. Kwa mama wa miaka 70 hayo ndiyo matembezi: mji unapita mbele yake, naye amekaa penye joto.

Kuna sehemu mbili za kuota joto ambazo kwangu mimi ndizo zinazoamua mji gani unaupenda.

Ya London ni Kew, bustani kubwa ya mimea, kwenye jumba la vioo liitwalo Palm House, lililojengwa miaka ya 1840. Kiingilio kinalipiwa, lakini wakati wa baridi hushuka. Ukifungua mlango miwani inaingia ukungu papo hapo. Harufu inakufikia kabla ya macho: udongo uliolowa, majani yanayooza taratibu, ule uzito wa hewa ya shambani baada ya mvua ya vuli. Nilivua koti, nikavua sweta, nikabaki na shati. Juu yangu michikichi, pembeni mibuni na migomba. Humo pia kuna mmea wa jamii ya cycad uliotoka Afrika Kusini mwaka 1775 na bado unaishi ndani ya chungu. Mzee mmoja Mwingereza alikuwa amekaa kwenye benchi na gazeti, ametulia kabisa, nikaelewa kwamba na wao huja pale kukimbia ile hali ya nje. Nilikaa karibu saa mbili.

Ya Paris ni msikiti mkuu, Grande Mosquée, uliofunguliwa mwaka 1926 katika mtaa wa tano, yaani wilaya ya tano ya mji. Kona moja ya jengo lile ina ukumbi wa chai ulio wazi kwa kila mtu. Wanakuletea chai ya mnanaa kwenye bilauri ndogo, ya moto, tamu kama chai ya msibani, na vitobosha vya lozi na asali unavichagua mwenyewe. Shomoro wanaingia na kutembea juu ya meza kuokota makombo, hakuna anayewafukuza. Upande wa pili wa barabara ni Jardin des Plantes, nayo ina majumba ya vioo yenye mimea ya nchi za joto. Madogo kuliko ya Kew, ila unaweza kuunganisha vyote viwili alasiri moja.

Chakula cha nyumbani kinapatikana kote. London nenda soko la Ridley Road kule Dalston, au Brixton. Mihogo, ndizi mbichi, bamia, samaki wakavu. Paris shuka stesheni ya Château Rouge na utasikia Kilingala kabla hujamaliza ngazi, na Kiswahili cha Kongo hakikosekani ukitega sikio. Vya halali havina tabu miji yote miwili. Ila kwa kula nje kwa bei ya wastani, kwa ladha, nawapa Paris. Mkate wa asubuhi tu unatosha kuwa hoja.

Manunuzi ni Paris pia, na hapa sina shaka. Punguzo la majira ya baridi Ufaransa limewekwa kisheria: linaanza Januari, kwa kawaida Jumatano ya pili, na kudumu wiki nne. Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua vitu vya zaidi ya euro 100 katika duka moja anaweza kurudishiwa kodi uwanja wa ndege, mradi aombe fomu dukani na awe na pasipoti. Uingereza iliondoa marejesho hayo kwa wageni wanaobeba mizigo yao wenyewe tangu Januari 2021. Punguzo la London huanza mapema, tarehe 26 Desemba, na ni kubwa, lakini kodi umeilipa na imebaki.

Wengine watauliza kwa nini wasiende kote. Treni ya Eurostar kutoka London hadi Paris ni saa mbili na dakika chache. Kinachokwamisha ni viza mbili, ada mbili, na kuomba mara mbili. Kama unazo siku 12 na subira, fanya. Anza London, malizia Paris, manunuzi yawe mwishoni. Kwa siku 7, usihangaike, chagua mmoja.

Mwaka huu nampeleka mama yangu London, wiki ya pili ya Februari. Kufikia hapo jua linazama kama saa kumi na moja na robo, mchana umefika karibu saa kumi, na vyumba bado si ghali. Nimeshapanga: asubuhi basi la ghorofa, kiti cha mbele, mchana British Museum kwenye lile jiwe la Olduvai, na siku ya tatu Kew. Mwenzangu naye anataka Paris, yeye na mimi tu, mwanzoni mwa Desemba kabla ya bei za sikukuu. Hiyo ya Paris natafuta chumba karibu na mtaa wa tano, pa kuweza kwenda kwa miguu kunywa ile chai.